Konisi, Skatingi na Zidaka: Namna ya Kuchagua Nakshi Zinazoifaa Nyumba

Nyumba ikishaezekwa na kupigwa lipu, ndipo mjadala wa urembo unapopamba moto. Mwenye nyumba ana picha kwenye simu, nyingi za majumba ya ng'ambo. Fundi jipsamu ana kalibu zake chini ya turubai kando ya barabara, na sampuli zilizopigiliwa ubaoni: konisi yenye majani, konisi yenye meno, konisi iliyopinda kama wimbi. Ndugu aliyehamia kwake mwaka jana naye ana ushauri. Wiki chache baadaye sebule ya mita 4 kwa 4 imepata dari la ngazi tatu, maua manne ya pembeni, ua kubwa la katikati na mkanda wa rangi ya dhahabu, na mtu mrefu akinyoosha mkono anaugusa mkanda huo.

Ladha ya mwenye nyumba haina kosa hapo. Kosa ni kwamba picha ilichaguliwa kabla ya kuulizwa swali la kwanza: nakshi hiyo inakwenda kufanya kazi gani?

Karibu kila nakshi ya ndani ya nyumba ina kazi, na mara nyingi kazi hiyo ni kuficha au kulinda mahali ambapo vitu viwili vinakutana: dari na ukuta, ukuta na sakafu, fremu na lipu. Anayeijua kazi ya kila ukanda huchagua haraka, hutumia fedha kidogo, na nyumba yake hukaa miaka bila kuchosha macho.

Kazi ya kila ukanda

Tuanzie juu. Dari hufungwa kwenye mbao au vyuma vinavyoning'inia chini ya paa, ilhali ukuta umesimama juu ya msingi wake. Mchana mabati yanapata joto na kutanuka, usiku yanapoa na kusinyaa, na fremu ya dari inasogea kidogo pamoja nayo. Ukuta hausogei hivyo. Kwa sababu hiyo ufa mwembamba hutokea palepale dari linapokutana na ukuta, na ukizibwa kwa putti peke yake hurudi. Konisi imewekwa hapo kuuficha ufa huo. Urembo umeongezwa juu ya kazi.

Chini kabisa ipo skatingi. Inaficha pengo kati ya sakafu na lipu, na inapokea adhabu yote ya kila siku: fagio, tambara la deki, miguu ya viti, viatu vya watoto, maji ya sabuni. Ukuta usio na skatingi huanza kuchubuka na kuchafuka katika zile sentimita 10 za mwanzo kutoka sakafuni, kwa sababu ndipo kila kitu kinapogonga.

Kuzunguka mlango kuna ubao mwembamba unaofunika mwanya kati ya fremu na lipu. Mbao za fremu hunywa unyevu wakati wa masika na kukauka kiangazi, kwa hiyo mwanya huo hupanuka na kubana kila mwaka. Fundi akiujaza saruji mpaka ukingoni na kupaka rangi, mstari utaonekana tu. Ubao wa juu ndio unaoutuliza.

Ukanda wa katikati ya ukuta, ule unaowekwa kiasi cha sentimita 80 hadi 90 kutoka chini, ulianza kama kinga dhidi ya migongo ya viti. Katika chumba cha kulia chakula bado una maana hiyo. Katika korido nyembamba ambamo watu hupita na ndoo na mizigo, unasaidia pia, hasa sehemu ya chini ikipakwa rangi inayofutika. Chumbani, ambako hakuna kiti kinachosukumwa ukutani, unabaki pambo tu. Si dhambi kuuweka, ila mwenye nyumba ajue analipia pambo.

Somo kutoka Lamu na Unguja

Mwambao wetu uliijua sanaa hii karne nyingi kabla ya konisi za kumwaga kwenye kalibu. Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazivuki nafasi pana sana, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, virefu, vikipangana kimoja nyuma ya kingine. Mwanga uliingia kutoka uwanja wa wazi ulio ndani ya nyumba, uitwao kiwanda, ukapita kwenye vyumba vya mbele viitwavyo misana, ukafika umefifia kwenye chumba cha nyuma kabisa kinachoitwa ndani.

Hapo ndipo mafundi walipoweka zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, vikiwa na kingo zenye matao na michoro. Ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizoletwa kwa majahazi, nyingine zikiwa zimetoka China. Chokaa hukauka polepole, kwani hugeuka kuwa ngumu kwa kunywa hewa ya ukaa iliyomo angani, na upole huo ulimpa fundi muda wa kuchonga kabla lipu haijawa ngumu. Weupe wa chokaa ulirudisha mwanga mdogo uliofika, na vivuli vya vishubaka vilifanya ukuta mmoja mwembamba uonekane una kina.

Mtu anayejenga leo Kigamboni, Kitengela au Mbeya anaweza kuchukua mambo mawili pale. La kwanza ni kwamba nakshi ilikusanywa mahali pamoja. Ukuta wa zidaka ulipambwa kwa wingi, na nafasi kubwa ya kuta nyingine ikaachwa nyeupe, tulivu. La pili ni kwamba rangi haikuhitajika. Kivuli kilifanya kazi yote.

Milango ya Zanzibar nayo inasema jambo hilohilo kwa mbao. Mlango wa mbao mbili una nguzo ya katikati iitwayo mfaa, iliyochongwa maua au minyororo kutoka juu hadi chini. Mfaa umeshikizwa kwenye ubao mmoja wa mlango, na mlango ukifungwa unaufunika mwanya ulio kati ya mbao hizo mbili. Sehemu iliyochongwa kwa ustadi mkubwa ndiyo hiyohiyo inayozuia vumbi, upepo na jicho la mpita njia. Fundi aliyechora mlango huo hakutenga uzuri na matumizi.

Wenye nyumba za kale za mawe wana tahadhari yao peke yao. Kuta za matumbawe zina chumvi na hupumua kupitia chokaa. Nakshi ya zamani ikibanduka, haifai kuzibwa kwa saruji, maana saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu ya pembeni nayo huanza kumomonyoka. Chokaa ihudumiwe kwa chokaa.

Jasi, mkonge na maji

Konisi nyingi zinazouzwa leo Afrika Mashariki ni za jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu. Madini haya Tanzania inayo: yanachimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na Kilwa mkoani Lindi. Jiwe la jasi lina maji ndani yake, kiasi cha asilimia 21 ya uzito wake. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Fundi akiuchanganya unga huo na maji, unayarudisha yale uliyopoteza na kuganda upya katika muda wa dakika, na unapoganda hutanuka kidogo sana. Kutanuka huko ndiko kunakoufanya uingie kwenye kila mstari wa kalibu, na ndiyo sababu konisi ya jasi hutoka na michoro safi.

Jasi tupu huvunjika upesi. Mwaka 1856 jijini London, mchongaji Mfaransa Leonard Alexander Desachy alisajili hataza ya kuiimarisha kwa kitambaa cha nyuzi, na tangu hapo nakshi nzito za dari zikaweza kutengenezwa mezani na kupandishwa zikiwa zimeganda. Mafundi wetu hutumia katani. Ukiivunja konisi ya karakana nyingi za Dar es Salaam au Nairobi utaona nyuzi za mkonge zimejificha ndani. Mmea huo uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 ikiwa ndiyo iliyosalimika safarini, na leo nyuzi zake zinashika dari za sebule zetu. Anayenunua anaweza kuomba kipande kilichovunjika aone kama katani imesambaa vizuri, au imetupwa rundo sehemu moja na kwingine hakuna kitu. Ulizo hilo humtambulisha pia kwa fundi kuwa mteja anajua anachokitafuta.

Adui wa jasi ni maji. Paa likivuja, konisi hufanya madoa ya kahawia, hulainika, na mwishowe hushuka. Kabla ya kulipia konisi, mwenye nyumba apande darini siku ya mvua kubwa na tochi, akague misumari ya mabati na maungio. Bafuni jasi ya kawaida haifai, wala jikoni juu ya jiko ambako mvuke haukatiki. Nje ya nyumba, kwenye vibaraza na nguzo, nakshi iwe ya saruji na mchanga.

Povu gumu jeupe, lile linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi, nalo hutengenezwa konisi. Ni jepesi, hubandikwa kwa gundi, halihitaji fundi bingwa, na haliogopi unyevu. Lakini hubonyea kwa kidole, kingo zake huwa butu, na huungua upesi likitoa moshi mbaya. Jasi kwa upande wake huuchelewesha moto, kwani maji yaliyomo ndani yake lazima yachemke kwanza. Panapopita nyaya nyingi za umeme darini, hoja hii peke yake inatosha kuamua.

Kwa skatingi, hesabu ni tofauti. Nyumba nyingi zenye vigae hukata vigae hivyohivyo na kuvipandisha ukutani, na katika nyumba inayopigwa deki kila siku huo ni uamuzi wenye akili. Mbao huleta joto chumbani. Mninga na mtiki husimama imara na huvumilia mchwa kuliko mbao laini. Msonobari, kama ule wa msitu wa Sao Hill huko Mufindi, ni nafuu, lakini uwe umekauka vizuri na kutiwa dawa, kwani ubao mbichi hupinda na kufungua maungio yake. Ubao wa MDF hupendwa kwa sababu ni laini na hupokea rangi vizuri, ila ukinywa maji huvimba na haurudi tena. Uwekwe vyumbani, mbali na maji ya deki. Plastiki ngumu haivimbi wala hailiwi na mchwa, lakini mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana kutwa ile ya bei rahisi hugeuka njano.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Pwani, hewa ina chumvi, kwa hiyo misumari ya kawaida hutoa kutu inayochomoza kwenye rangi. Skrubu zilizokingwa dhidi ya kutu zina thamani yake. Dodoma na Singida tatizo ni vumbi, na kila mfereji wa konisi ni kikapu cha kulikusanya. Anayeishi huko achague nakshi yenye mistari michache mipana inayofutika kwa brashi, aachane na majani madogomadogo yanayohitaji mtu kupanda ngazi kila mwezi.

Futi kabla ya picha

Kipimo cha kwanza ni urefu kutoka sakafuni hadi darini. Nyumba nyingi za kisasa zina kama mita 2.7. Hapo konisi ya sentimita 7 hadi 10 inatosha. Dari la mita 3 au zaidi linaweza kubeba sentimita 12 hadi 15. Konisi kubwa kwenye dari fupi huukata ukuta na kulileta dari chini. Konisi nyembamba mno kwenye dari refu hupotea. Skatingi ya sentimita 10 hadi 15 huenda na vyumba vingi, na inapendeza zaidi ikiwa haizidiwi sana na konisi, kwani macho husoma juu na chini kwa pamoja.

Dari la ngazi lina hesabu yake. Kila ngazi hula kimo. Chumba kikiwa na pangaboi, panga zake zisishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni, na ndoano yake ishikwe na mbao au zege iliyo juu, isitegemee jasi. Taa nzito ya kuning'inia hivyohivyo. Ua la katikati hufunika tundu la waya na kupendezesha. Halibebi mzigo.

Njia nafuu ya kujaribu ni kukata kipande cha boksi kwa umbo na kipimo cha konisi unayoitaka, kukishikilia kwenye kona ya dari, kisha kurudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Kwa fremu za ukutani, zile pembenne za mikanda myembamba zinazopendwa siku hizi, utepe wa karatasi unabandikwa ukutani kufuata mchoro na kuachwa siku kadhaa. Swichi itaangukia ndani au itakatwa katikati? Kabati litafunika nusu ya pembenne? Nafasi kati ya pembenne moja na nyingine zinalingana? Utepe hujibu maswali hayo bila gharama ya kubomoa.

Halafu inakuja hesabu ya manunuzi. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mzunguko wa mita 18. Kwa kuwa konisi hukatwa kwenye kila kona na vipande vingine huharibika, ongeza asilimia 10, upate karibu mita 20. Kama kipande kimoja kina mita 2.4, utahitaji vipande 9. Kwa skatingi, toa upana wa milango. Sebule hiyo ikiwa na milango miwili ya sentimita 90, zinabaki mita 16.2, na pamoja na nyongeza zinafika kama 18. Mteja aliyefika dukani na hesabu hii haongezewi vipande vitano vya kubahatisha.

Kona, rangi na mwanga

Ubora wa fundi huonekana kwenye kona. Vipande viwili hukatwa kwa nyuzi 45 ili vikutane sawasawa, lakini hiyo ni pale kuta zinapofanya pembe mraba, na kuta nyingi hazifanyi. Fundi mzuri hupima kwanza pembe halisi, kisha hukata. Fundi mvivu hukata 45 kila mahali na kujaza pengo kwa putti, nayo putti nene hupasuka ikikauka. Vipande vya konisi za jasi hubandikwa kwa jasi nyepesi au gundi yake, na vile vizito huongezewa skrubu. Mteja aulize mapema na atazame kazi mbili tatu ambazo fundi huyo amezimaliza zaidi ya mwaka uliopita, baada ya masika kupita juu yake.

Mpangilio wa kazi uheshimiwe. Paa na nyaya za umeme vitangulie, ndipo dari na konisi, kisha rangi ya kwanza, kisha vigae, kisha skatingi na mbao za milango, na rangi ya mwisho baada ya yote. Skatingi ikitangulia vigae, pengo la chini halikwepeki. Konisi ikipakwa rangi kabla haijakauka, rangi hutoa mapovu na kubanduka, hasa miezi ya mvua.

Rangi ina uwezo wa kubadili kimo cha chumba bila kugusa tofali. Konisi ikipakwa rangi ya ukuta, ukuta huonekana mrefu zaidi. Ikipakwa nyeupe ya dari, dari huonekana pana zaidi na ukuta mfupi. Kwenye chumba cha dari la chini, chaguo la kwanza lina faida. Skatingi na mbao za milango zipate rangi ya mafuta ili zifutike kwa kitambaa chenye maji.

Na mwanga. Nakshi nyeupe juu ya ukuta mweupe huonekana kwa kivuli, na kivuli huhitaji mwanga unaotoka pembeni. Dirisha hufanya hivyo mchana. Usiku, taa moja kali katikati ya dari huvifuta vivuli vyote, na michoro iliyolipiwa ghali inakuwa bapa. Taa mbili ndogo za ukutani huirudishia uhai. Wanaoficha mkanda wa taa za LED nyuma ya konisi waache nafasi ya sentimita 7 au zaidi kati ya ukingo na dari, la sivyo utatokea mstari mkali wa mwanga badala ya mng'ao unaotandaa.

Malipo ya mwisho yasitolewe mchana wa saa sita. Kazi ikaguliwe jioni, taa zikiwa zimezimwa, kwa tochi iliyolazwa sambamba na ukuta: kila wimbi, kila kiungo kilichoinuka, kila tundu la skrubu lisilozibwa litaonekana. Kasoro ziwekewe alama ya penseli na zirekebishwe kabla ya rangi ya mwisho. Vipande viwili vya konisi ile ile na kimoja cha skatingi vihifadhiwe stoo, vikiwa vimelazwa bapa mahali pakavu, pamoja na karatasi yenye jina la karakana na namba ya kalibu. Karakana hubadilisha kalibu zao kadiri mitindo inavyobadilika, na paa likivuja baada ya miaka mitano, vipande hivyo ndivyo vitakavyomwezesha fundi kukarabati kona moja bila kulishusha dari zima.